Madaktari wa meno watuulize tunavyolala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madaktari wa meno wa visiwa vyetu, na niseme pia na wake wenzangu ambao usiku hawalali kwa mkoromo wa waume zao. Mimi ni fundi cherehani hapa Wete. Nashona kanzu na nguo za skuli, huu mwaka wa 23. Mume wangu ni dereva wa gari ya abiria baina ya Wete na Chake Chake. Ninayoyaandika nimeyaandika kwa ruhusa yake. Barua hii nimemsomea yote kabla ya kuileta kwako, na mahali pawili amenisahihisha.

Kwetu anayekoroma huambiwa kalala usingizi wa pono. Nami niliamini hivyo miaka mingi, nikimwonea raha kuwa mtu kachoka na kazi, sasa anapumzika. Lakini miaka minne iliyopita ule mkoromo ulibadilika. Ulikuwa unapanda, unapanda, mpaka kioo cha kabati kinatetema, halafu ghafla kimya. Kimya chenyewe ndicho kilichokuwa kikinitoa usingizini. Nawasha taa ya simu namtazama: kifua kinahangaika, tumbo linakwenda juu na chini, lakini puani hakitoki kitu wala kinywani hakiingii kitu. Kisha anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo kama mzamiaji aliyeibuka, anageuka upande wa pili, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi ukimuuliza, hajui lolote. Kalala vizuri, ila kichwa kinamgonga na kinywa kimekauka.

Mama mkwe alisema ni jinamizi linamkaba. Akatuletea kombe, mume wangu akanywa. Dua hatujaiacha hata leo, lakini usiku ulikuwa ule ule.

Siku moja nimeamka kuleta uradi, tasbihi mkononi, yeye amelala pembeni yangu. Nikajikuta kila pumzi yake inapokatika navuta punje moja. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Nilianza saa nane juu ya alama, na ilipofika saa tisa nilikuwa nimevuta punje 19. Nikakaa pale kitandani nikilia. Mara 19 kwa saa moja mtu huyu anaacha kuvuta pumzi, na alfajiri anakwenda kushika usukani akiwa na roho za watu nyuma yake.

Naomba niseme na jambo la shingo, kwa kuwa ni kazi yangu. Kila Idi namshonea kanzu mpya. Tulipooana shingo yake ilikuwa sentimita 40. Mwaka hadi mwaka nikaitanua, 41, 42, mpaka Idi moja futi kamba ikasoma 44. Nikaona ni unene wa utu uzima, nikaendelea na kukata kitambaa. Kumbe kwa mwanamume, shingo inayozidi kama sentimita 43 ni moja ya dalili ambazo madaktari huzitazama wanaposhuku kuwa mtu pumzi zake hukatika usingizini, kwani nyama inayoongezeka nje ya koo huongezeka na ndani. Dalili ilipita mikononi mwangu kila mwaka na mimi nikaishonea ukosi.

Mchana alikuwa anasinzia. Anasinzia barazani, anasinzia msikitini hotuba ya Ijumaa ikisomwa, anasinzia na tonge mkononi. Presha ikapanda, akapewa kidonge kimoja, kikaongezwa cha pili, na bado ikawa inasoma 160 kwa 100. Mahali alipokuwa akitibiwa hiyo presha hakuna aliyemuuliza hata mara moja kuhusu usingizi wake. Simlaumu mtu kwa jina, nasema lililotokea. Mwezi mmoja wakati wa mavuno, akirudi na gari yenye abiria na magunia ya karafuu juu, macho yalifumba akiwa kwenye usukani. Gari ikaacha njia, ikaingia migombani na kusimama kwenye kisiki cha mkarafuu. Hakuumia mtu, namshukuru Mola. Utingo wake ndiye aliyenieleza kuwa breki hazikuwa na kasoro yoyote. Mume wangu nyumbani alisema ni breki. Alikuwa anaogopa kunyang'anywa gari.

Sasa nije kwa daktari wa meno.

Kama Wapemba wengi, jino likimuuma huweka karafuu akaibana na jego, basi. Na inasaidia, kwani ndani ya karafuu mna mafuta yanayotia ganzi, na madaktari wa meno wenyewe huyatumia mafuta hayo katika dawa ya kuzibia jino kwa muda. Ndiyo maana chumba chao hunukia ghala la karafuu. Lakini karafuu haiponyi jino lililooza, na mwaka juzi jego lilimshinda. Nikamshika mkono nikampeleka.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. "Shikamoo baba, kaa hapa nikuangalie." Alitazama jego lile, kisha akaendelea kutazama. Nikaona anakawia. Akamwambia afungue kinywa kabisa, atoe ulimi nje bila kusema aa. Akaniita.

"Mama, njoo uone. Meno ya mbele yamesagika yamekuwa bapa. Ulimi huu, hapa pembeni, una alama za meno kama ukingo wa sambusa. Taya la chini ni dogo, limekaa nyuma. Na koo, tazama, kimeo sikioni kabisa, ulimi umeziba njia yote." Akanigeukia. "Baba anakoroma?"

Nikamwambia anakoroma mpaka jirani anajua.

"Pumzi inakatika?"

Nikamhadithia habari ya tasbihi. Mume wangu kwenye kile kiti, kinywa kimejaa pamba, akanikazia macho. Lakini yule binti aliweka chini kifaa chake, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Alikuwa mtu wa kwanza kukaa chini kunisikiliza kuhusu usiku wa nyumba yangu.

Alitueleza kwa maneno ambayo nimeyashika mpaka leo. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine njia ya hewa husinyaa, nyama laini zikapigwa na upepo zikatetema. Huo ndio mkoromo, na kukoroma peke yake si lazima kuwe ni maradhi. Kwa wengine njia hujifunga moja kwa moja. Pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Zikipatikana chini ya 5 kwa saa, mtu mzima hana neno. Kuanzia 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kati, na kuanzia 30 kwenda juu ni kali. Kila inapokatika, hewa safi ndani ya damu hushuka, ubongo hushtuka na kumwamsha mtu nusu nusu ili avute pumzi, na moyo hufanya kazi ya mchana usiku kucha. Ndipo hapo presha inapopatia chakula chake, na maradhi ya moyo, na kiharusi.

Aling'oa jego, na hakutuuzia kitu. Alisema: "Mimi naweza kushuku tu. Anayethibitisha ni daktari wa usingizi kwa kipimo." Akatuandikia barua.

Safari ya Dar es Salaam sitaieleza. Anayeishi Pemba anaijua: boti, kulala kwa jamaa, boti tena. Kipimo chenyewe alipewa akalale nacho kwa shemeji yangu: mkanda kifuani, mrija mdogo puani, na kibanio kidoleni cha kupimia hewa ya damu. Majibu yakatoka mara 22 kwa saa. Hewa ya damu, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa asilimia 95 kwenda juu, yeye ilishuka mpaka 81.

Dawa ya kwanza waliyomshauri ni mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha, ili upepo wake ulishikilie koo lisijifunge. Ni mashine nzuri. Aliibuni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, ikatangazwa mwaka 1981, na kwa wagonjwa wenye hali kali ndiyo yenye nguvu kuliko kifaa chochote. Mume wangu aliazimwa moja wiki tatu. Usiku akiivua bila kujijua, asubuhi tunaikuta chini ya mto. Na inataka umeme. Unguja hawajasahau miezi mitatu ya giza, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, na sisi Pemba mpaka waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika 2010 tulikuwa tukitegemea majenereta ya Wesha. Hata leo umeme ukikatika usiku, mashine ile inakuwa barakoa tu usoni mwa mtu.

Hapo ndipo daktari wa usingizi alipoturudisha kwa daktari wa meno. Alikuwepo mmoja pale Dar es Salaam aliyejifunza kutengeneza kifaa cha kuvaa kinywani usiku, kinachosogeza taya la chini mbele.

Nataka nikieleze kifaa chenyewe, maana watu wananiuliza cherehanini kila siku. Ni vipande viwili vya plastiki ngumu, akriliki, ile ile inayotengenezewa meno ya bandia. Kimoja hukaa juu ya meno ya juu, kingine meno ya chini, na vimeunganishwa pembeni kwa skrubu ndogo. Kwanza daktari huchukua chapa ya meno kwa ute mzito unaoganda kinywani, halafu hupima taya la chini linaweza kusogea mbele kiasi gani. Halivuti lote mara moja. Huanza na nusu ya uwezo wake au zaidi kidogo, kisha kila baada ya siku kadhaa skrubu huzungushwa, nusu milimita, nusu milimita, mpaka mkoromo utulie.

Taya likienda mbele, ulimi unakwenda nalo, kwa kuwa ulimi umeshikiziwa kwenye taya la chini kwa mbele, na nyama za koo hukazwa. Mimi nililielewa kwa pazia. Pazia likiziba mlango hulikati wala hulichomi. Unalivuta kwa upindo wake na mlango unakuwa wazi. Fikra yenyewe ni ya zamani kuliko mashine: mwaka 1902 daktari wa kinywa wa Ufaransa, Pierre Robin, alikwisha kutengeneza kifaa cha kusogeza taya la chini mbele kwa wenye ulimi unaoanguka nyuma.

Usiku wa kwanza alikivaa akalala. Mimi sikulala. Nilikaa nasubiri kile kimya, tasbihi mkononi. Alikoroma kidogo, mkoromo wa chini, wa mtu wa kawaida. Kimya kilikuja mara chache. Usiku wa tatu nilishtushwa na adhana ya alfajiri, na ilikuwa miaka sijaamshwa na adhana. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisubiri.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba ni raha tupu. Wiki mbili za mwanzo taya lilimuuma, na mate yalimtoka mpaka nikaweka kitambaa juu ya mto. Asubuhi akikitoa, meno ya juu na ya chini hayakutani. Inambidi akae karibu nusu saa, atafune kipande cha mkate, ndipo taya lirudi mahali pake. Daktari alituonya kuwa kwa miaka mingi meno yanaweza kusogea kidogo, ndiyo maana lazima arudi kukaguliwa. Mwezi wa Ramadhani hukitoa kwa daku, akapiga mswaki, akakirudisha alale mpaka alfajiri. Kukiosha ni kwa mswaki na maji baridi. Binti yangu mdogo alikaribia kukitumbukiza kwenye maji ya moto ya chai nikamuwahi, kingepinda.

Baada ya miezi mitatu alipimwa tena akiwa amekivaa. Mara 6 kwa saa. Presha imeshuka, haijaisha. Dawa anakunywa na nimemkataza kuziacha. Kusinzia mchana kumekwisha. Hotuba ya Ijumaa anaisikiliza mpaka mwisho na akirudi ananihadithia.

Kifaa hiki hakimfai kila mtu, na naomba hili lisomwe vizuri. Asiye na meno ya kutosha hakina pa kushika. Mwenye fizi zinazooza au meno yanayocheza, mpaka atibiwe kwanza. Wapo ambao pumzi hukatika kwa sababu ubongo hautoi amri, na hao taya halihusiki. Na zaidi nawaonya wenzangu wanaoagiza kwa simu vile vya bei rahisi vya kulainisha kwa maji ya moto na kung'ata. Jirani yangu alimnunulia mumewe. Mkoromo ukapungua akafurahi, lakini hakupimwa kabla wala baada. Kelele kuzimika hakuonyeshi kuwa pumzi haikatiki. Mimi nilichokuwa nikikiogopa ni kile kimya.

Watoto nao. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala kinywa wazi, shingo ameiinua, chuoni anasinzia na mwalimu anamwita mvivu, mara nyingi ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zimevimba. Daktari wa meno akimfungua kinywa huyaona, na anaweza kumwelekeza kwa daktari wa koo.

Binti yangu mkubwa anayesoma Unguja alinitafutia wenzetu wanafanyaje. Marekani, jumuiya ya madaktari wa usingizi na ya madaktari wa meno wanaoshughulikia usingizi zilitoa mwongozo wa pamoja mwaka 2015: daktari wa usingizi ndiye athibitishe ugonjwa, daktari wa meno aliyefunzwa ndiye atengeneze kifaa cha kupimwa kwa mgonjwa mwenyewe, kisha mgonjwa apimwe tena. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa meno cha huko kikawahimiza wanachama wake wawachunguze wagonjwa wao kwa maradhi haya. Yule binti wa Wete alifanya hayo hayo kwa taa yake na maswali mawili.

Basi ombi langu ni hili, kwa Wizara yetu ya Afya na kwa kila chumba cha meno Unguja na Pemba. Kwenye kadi ya mgonjwa wa meno pawe na maswali matatu: unakoroma, kuna aliyekuona pumzi inakatika, unasinzia mchana? Na kama amekuja na mke, aulizwe mke. Mwenyewe hajui, amelala.

Pili, mafundi wetu wanaotengeneza meno ya bandia wapelekwe kujifunza kutengeneza vifaa hivi. Akriliki wanaijua, chapa ya meno wanaijua, mikono wanayo. Nauli tuliyotumia kwenda na kurudi kwa ajili ya kuzungushiwa skrubu ilikaribia bei ya kifaa, na watu wengi hapa Wete wakisikia "Dar es Salaam" hunyamaza wakarudi kulala na maradhi yao. Kipimo cha usiku nacho ni kidogo, kinaingia kwenye kimkoba. Hata vichache tu, vikazunguka baina ya Wete, Chake Chake na Mkoani, vingetosha kuanzia.

Tatu ni la madereva. Dereva akijitokeza kusema anasinzia, apelekwe kupimwa na kutibiwa, arudi kazini akishapona. Asinyang'anywe gari siku ile ile. Mume wangu alificha kwa hofu hiyo, na nimekwisha kueleza gari ilisimama wapi. Hapa ndipo pa kwanza aliponisahihisha. Niliandika alificha mwaka mmoja. Akaniambia, "Andika miwili." Pa pili ni idadi ya abiria waliokuwemo siku ile. Nilidhani tisa. Walikuwa 14.

Anatakiwa kukaguliwa tena yakimalizika mavuno ya karafuu. Yule daktari binti amekwenda masomoni, na aliyepo sasa ametuambia kwa uungwana kuwa hakufunzwa kazi hii. Kama yupo daktari wa meno Pemba au Unguja anayeijua, namwomba aandike katika ukurasa huu huu aseme yuko hospitali gani na siku gani. Wanaomsubiri ni wengi, na wawili kati yao ni madereva wa njia hii hii ya Wete na Chake.

Wako,
Mama Khamis, fundi cherehani,
Wete, Pemba